Saini ya Orrin Brackeen

Kwetu watu hawaendi msibani mikono mitupu. Dell Brackeen alipozikwa mwezi wa Novemba, wanawake wa Kaunti ya Tolan walileta sahani za kuokea thelathini na saba, za kioo, za udongo na za bati, zimejaa viazi kwa jibini, tambi, nyama ya kusaga na wali wa kuku. Chini ya kila sahani kulikuwa na kipande cha selotepu nyeupe chenye jina la mwenyewe, ili irudi kwake. Chakula kingine kililiwa, kingine wakapewa mbwa, maana nani ana tumbo la kumaliza vyote hivyo mtoto wake yuko kaburini. Verlene, mama wa marehemu, aliziosha sahani zote akazipanga juu ya mashine ya kufulia, na hapo zikakaa mpaka Januari.

Kuzirudisha ni adabu, na mfiwa ana ruhusa ya kuchelewa. Verlene alichelewa makusudi. Siku alipochukua karatasi za kumng'oa sherifu kutoka ofisi ya karani wa kaunti, alirudi nyumbani akaanza kupakia sahani kwenye pikapu, sita sita, na pembeni yake akaweka ubao wa kuandikia na kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi. Nani atamfungia mlango mama aliyefiwa, amekuja na sahani yako mkononi? Yule mama hakuwa mjinga jamani, hata kama baadaye wapo waliomwita hivyo.

Sherifu wetu ni Burl Tackett, mkuu wa askari wa kaunti nzima na mwenye funguo za mahabusu. Tulimchagua wenyewe kwa kura, mara nne. Ni yeye aliyemweka Dell ndani Jumamosi moja kwa ajili ya faini ya taa ya gari ambayo kijana hakwenda kuijibu mahakamani. Dell alikuwa na kisukari tangu ana miaka tisa. Jumapili Verlene akapeleka insulini yake kwenye kikasha cha barafu, akasimama kaunta, na Burl akamwambia dawa ya kutoka nje haipokelewi, utaratibu ni utaratibu, daktari wa mahabusu atakuja Jumatatu. Daktari hakuja Jumatatu. Jumanne asubuhi Dell alikutwa amekufa chini ya kitanda cha chuma, umri miaka ishirini na minne. Uchunguzi ukaandika kwamba amekufa kwa maradhi, basi, faili likafungwa.

Kumng'oa kulitaka saini mia nne na kumi na mbili, ndani ya siku sitini. Zikitimia, kaunti inapiga kura upya. Zisipotimia, Burl anamaliza muhula wake, miaka mitatu iliyobaki, na sheria haikuruhusu ombi la pili ndani ya muhula uleule. Verlene alikuwa na nafasi moja tu.

Kwa Fern Quigley alifika Jumatatu ya wiki ya mwisho, sahani ya thelathini na tano.

"Ingia, mama, ingia, usisimame kwenye upepo," Fern alisema. "Ala! Hii sahani nilishaisahau kabisa. Kaa, kahawa iko motoni."

"Sikai, Fern. Nimekuja na karatasi."

"Najua umekuja na karatasi. Kaunti nzima inajua. Lete."

Fern aliweka saini haraka haraka, akajaza na anwani, kisha akahamia mstari wa chini. "Na huu wa Elden wangu. Yuko zizini, ana mtamba anahangaika kuzaa. Namwandikia."

Verlene akafunika karatasi kwa kiganja. "Hapana. Mwite."

"Nimwite wa nini? Mimi ndiye ninayeandika kila kitu chake. Hundi mimi, bima mimi, kodi mimi, hata kadi ya Krismasi kwa mama yake mzazi ni mimi. Elden akishika kalamu utadhani amepewa nyoka."

"Wangu mimi yuko hivyohivyo. Lakini Nadene kaniambia kila mtu kwa mkono wake mwenyewe. Akiona miandiko miwili imefanana, anafuta yote miwili. Sitaki kumpa Burl hata tundu la sindano."

Nadene Osgood ndiye karani wa kaunti. Basi Fern akafungua dirisha la jikoni akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, na Elden akaja, mkono mmoja umelowa hadi begani, analalamika kwamba kwato zimeshaanza kutokea. Alijifuta kwa gunia, akainama mezani, akaandika jina lake taratibu na ulimi nje.

"Tazama," Fern alicheka. "Kuku kaparura."

"Kuku ana haki ya kupiga kura," Elden akasema. Halafu akasoma majina yaliyotangulia. "Verlene, usinielewe vibaya. La mumeo liko wapi?"

"Orrin ana ng'ombe wanazaa."

"Sote tuna ng'ombe wanazaa, mama. Mimi nimemwacha mmoja huko sasa hivi. Watu wanauliza. Wanasema kama baba mtu mwenyewe hajasaini, basi labda kuna jambo hatulijui."

Fern alimkanyaga mumewe mguuni chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Verlene alikunja karatasi yake, akawashukuru wote wawili, na kahawa hakuinywa. Alipofika kwenye pikapu alikaa dakika nzima bila kuwasha gari, uso unamwaka kwa aibu ambayo haikuwa yake.

*

Jumanne Orrin Brackeen alikwenda dukani kununua maziwa ya unga ya ndama na chanjo. Ni mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Ukimsalimia anajibu kwa kofia. Alikuwa anahesabu magunia aliposikia mlango ukigonga kengele, na kabla hajageuka alishajua ni nani, kwa sababu watu wote dukani waliacha kuongea.

"Acha, acha, hilo niachie mimi," Burl Tackett alisema, akalitupa gunia begani na nyota yake ya usherifu kifuani, akatoka nalo mpaka kwenye pikapu ya Orrin. Akarudi, akabeba la pili. Wanaume sita walikuwa wanatazama. Ungefanya nini wewe? Orrin alisimama ameshika kofia.

"Nataka ujue sina kinyongo na Verlene," Burl alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta ya nyuma. "Mama akifiwa anatafuta wa kumlaumu. Ni haki yake. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyohivyo. Lakini wewe, Orrin, wewe una akili. Nimesikia jina lako halimo. Nakushukuru kwa hilo."

Akanyoosha mkono. Walisoma darasa moja hawa wawili, walicheza mpira pamoja, na mwaka wa theluji kubwa Burl alitembea maili nne kumletea Orrin dawa ya kuzuia mafuta ya trekta yasigande. Orrin akaupokea mkono ule. Aliupokea kwa mazoea, na alipouachia alitamani aukate.

Mwenye duka akasubiri sherifu aondoke, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa chini ya kaunta. Lilikuwa tangazo la Verlene: siku, saa, mahali pa kuweka saini, na picha ya Dell akiwa na ndama.

"Mwambie mama asibandike tena hapa, tafadhali. Mimi nauzia pande zote mbili."

"Sawa," Orrin alisema.

"Hamna ubaya, bwana."

"Sawa."

*

Friji ya kina Brackeen ina mlango wenye rafu tatu. Kwenye rafu ya katikati, nyuma ya chupa ya haradali, kulikuwa na vichupa vinne vya insulini ya Dell, na tangu Novemba hakuna aliyevigusa. Jumatano Orrin aliingia na boksi la chanjo ya ndama, ambayo lazima ikae kwenye baridi, akatafuta nafasi. Rafu ya juu ilikuwa na chupa za dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, la kuwapa ndama walioachwa na mama zao. Akasogeza haradali. Akavichukua vile vichupa vinne, akaviweka juu ya meza, kwa muda tu, ili apange.

Verlene alikuwa akihesabu karatasi zake. Aliinua macho.

"Virudishe."

"Napanga tu, Mama." Anamwita Mama tangu Dell alipozaliwa.

"Virudishe, Orrin! Chanjo ya ng'ombe itaingia humo na hii itoke? Ya ng'ombe?"

Orrin alivirudisha kimoja kimoja. Chanjo ikabaki mkononi mwake, boksi zima, hajui pa kuiweka.

"Nimeambiwa umepeana mkono na Burl jana," Verlene alisema. "Dukani, mbele za watu. Nimeambiwa na watu watatu. Unajua leo nimetembea nyumba ngapi? Tisa. Na katika nyumba saba nimeulizwa kuhusu wewe. Nimesema una ng'ombe. Nimesema mgongo unakuuma. Nimeishiwa uongo, Orrin, sina mwingine. Zimefika mia nne na ishirini na nne, zinatosha, zimezidi. Siihitaji yako kwa hesabu. Lakini niambie mimi, mkeo, kwa nini hutaki."

"Sijasema sitaki."

"Siku hamsini na nane!"

Orrin akakaa. Boksi la chanjo akaliweka magotini. Verlene kwa mara ya kwanza hakumsaidia kutafuta neno.

"Jumapili ile," alisema mwishowe, "ulinipigia simu uko pale kaunta."

Verlene akaweka karatasi zake chini.

"Ulisema, Burl kakataa dawa, nifanye nini, njoo. Nami nilikuwa nafunga nyaya za uzio. Nikakwambia nini?"

"Orrin."

"Nikakwambia usitutie aibu. Nikasema Burl anaijua kazi yake, rudi nyumbani. Ukarudi. Ulikuwa tayari kulala pale sakafuni, nakujua, ungelala pale mpaka waichukue, na mimi nikakwambia rudi." Akaligeuza boksi magotini. "Nikisaini ile karatasi, Mama, nasema kwamba Burl alimuua. Sawa, alimuua. Na mimi je? Kuna karatasi yangu? Ya kuning'oa mimi nani anaipitisha?"

Verlene alikuwa amelijua neno lile kwa miezi mitatu na nusu. Kila usiku alikuwa akilala nalo kitanda kimoja na hakuwahi kulisema, na leo limesemwa. Hakuweza kumwambia si kosa lako. Alitaka, mdomo ukakataa.

"Chanjo itaharibika," alisema. Akainuka, akatoa chupa ya haradali na chupa ya achari akaziweka dirishani, na boksi likaingia.

*

Ijumaa ofisi ya karani inafungwa saa kumi na moja jioni juu ya alama. Saa kumi na nusu Verlene alikuwa ameshafika na karatasi zote kwenye bahasha kubwa, mia nne na thelathini, na Fern Quigley amemsindikiza, amevaa koti lake la kanisani. Nadene Osgood alikuwa nyuma ya kaunta na miwani kwenye kamba. Nadene ni mtu wa haki mpaka anachosha. Aliwahi kumwandikia faini mchungaji wake mwenyewe.

"Ukinikabidhi, siwezi kukurudishia hata moja," alisema. "Una uhakika umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mlango ukafunguliwa. Orrin aliingia na baridi yote ya nje, buti za zizini, damu ya kuzalisha ng'ombe imekauka kwenye mkono wa shati. Alivua kofia. Alionekana kama mtu aliyekuja kuomba radhi kwa kuchafua sakafu, na kweli alitazama sakafu kwanza.

"Bado hamjafunga?"

"Zimebaki dakika kumi na nne," Nadene akasema.

Verlene alifungua bahasha, akatoa karatasi ya mwisho, ambayo ilikuwa na mistari miwili mitupu, akaiweka kaunta. Orrin akachukua kalamu. Akaishika vibaya, akaishika tena. Kisha akaandika, herufi moja moja, kubwa, zinapanda na kushuka: Orrin T. Brackeen. Ilichukua muda mpaka Fern akaanza kutazama saa ya ukutani. Akaweka tarehe, akaandika anwani, na alipomaliza akabaki ameinama, kidole kipo juu ya jina lake.

"Ndivyo?" aliuliza.

"Ndivyo, Orrin," Nadene alisema kwa upole. "Nimekuona."

Hapo Verlene akalia. Alilia kwa sauti, ofisini, mbele ya picha za magavana, na Orrin akamshika bega kwa mkono wenye damu ya ng'ombe, na Fern akatoka nje ajifanye anatafuta funguo za gari. Mia nne na thelathini na moja. Jioni ile walikula mezani pamoja, mayai na viazi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba wakataja jina la Dell wakacheka kidogo. Habari za siku alipojaribu kumpanda fahali wa jirani.

*

Siku ya kumi na moja Nadene alipiga simu akasema waje wote wawili, na asingependa kusema kwenye simu.

Alikuwa amefunga mlango na kugeuza kibao. Juu ya kaunta aliweka karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Mia tatu na tisini na saba," alisema. "Zimepungua kumi na tano. Pole. Poleni sana."

"Haiwezekani," Verlene alisema. "Nilileta mia nne na thelathini na moja. Nilisimama juu ya kila mtu. Hakuna hata mmoja aliyemwandikia mwenzake, nilikataa, muulize Fern, niligombana na watu!"

"Najua. Watu watatu hawakuwa wameandikishwa. Wawili wamehamia kaunti nyingine. Hao watano." Nadene alivua miwani. "Na ishirini na tisa saini hazifanani na kadi."

"Kadi gani?"

Nadene alikuwa na droo ndefu pembeni, imejaa kadi za uandikishaji wa wapiga kura, za manjano kwa uzee. Alichomoa moja akaiweka kando ya karatasi ya mwisho ya Verlene. Kwenye karatasi, Orrin T. Brackeen ya herufi kubwa, zinapanda na kushuka. Kwenye kadi, Orrin T. Brackeen ya mwandiko mzuri wa kulala, wenye mkia kwenye herufi ya mwisho.

Verlene aliutazama mwandiko wake mwenyewe.

Ilikuwa Julai, miaka thelathini nyuma, kadi zililetwa shuleni wakati wa kukata nyasi. Wanaume wote walikuwa mashambani na mashine, mvua inanukia, nani angeacha nyasi chini aende kuandika jina? Wanawake walikwenda na vikapu vyao vya chakula, wakajiandikisha, wakawaandikisha na waume zao, wakapita mashambani kuwapelekea mikate. Hakuna aliyeona kosa. Karani wa wakati ule alikuwa mume wa mtu, na kadi yake pia aliandikiwa.

"Lakini kila uchaguzi," Verlene alianza, "saini ya bahasha ya kura ya posta, mimi ndiye..."

"Usiseme," Nadene alimkatiza. "Usilimalize neno hilo mbele yangu, Verlene, maana nitalazimika kuliandika."

Nje kulipita lori la nyasi.

"Nadene," Orrin akasema. "Uliniona. Nilisimama hapa. Ulisema umeniona."

"Nilikuona."

"Basi sema."

"Sheria haisemi nilichoona. Inasema ifanane na kadi. Nimezipanga usiku mzima nikitafuta mlango wa kupitia, nimempigia simu wakili wa kaunti, nimempigia wa jimbo. Hakuna." Akachomoa kadi nyingine, akaiweka juu ya ile ya kwanza kwa nguvu kidogo. Lyman Osgood. "Mume wangu alikuja kusaini kwako, kwenye mlango wa kanisa, hakuniambia. Nimemfuta. Hii kadi niliiandika mimi, nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili. Wote ishirini na tisa ni waume za watu. Wanaume walioshika kalamu mara moja katika maisha yao, nami nimewafuta."

"Kwa hiyo kama ningewaacha wanawake waandike," Verlene alisema polepole. "Kama ningemwacha Fern amwandikie Elden. Kama mimi ningemwandikia huyu."

Nadene akazirudisha kadi kwenye droo. Angejibu, angekuwa amevunja sheria.

Aliwapa nakala ya barua. Kisha, kwa sababu ndiyo kazi yake, na labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake, akamsogezea Orrin kadi mpya nyeupe. "Ukitaka. Ili isije ikatokea tena."

Orrin aliijaza. Verlene alimshikia kofia. Akaandika polepole kama ile Ijumaa, na safari hii hakuna saa iliyokuwa ikimkimbiza.

*

Sahani moja ilikuwa bado juu ya mashine ya kufulia. Ya bluu, ya udongo, ilikuja na mahindi matamu yaliyookwa kwa maziwa, na selotepu yake iliandikwa Ione Tackett. Mke wa sherifu aliileta mwenyewe siku ya maziko, akaiweka mezani, akaondoka bila kuvua koti. Verlene hakuyagusa mahindi yake. Aliiosha sahani kama nyingine zote, lakini kuirudisha hakuweza.

"Nitaipeleka mimi," Orrin alisema Jumapili ile.

"Iache. Ikae."

"Ni ya watu, Mama. Irudi."

Verlene alikwenda naye. Alikaa ndani ya pikapu, dirisha limefunguliwa nusu, na Orrin akapanda ngazi za nyumba ya Tackett amekumbatia sahani ya bluu. Aliyefungua ni Burl, amevaa suruali ya kazi na fulana, bila nyota. Nyuma yake kulinukia nyama ya kuokwa ya mchana.

"Orrin! Ingia, bwana, tunakula."

"Nimeleta sahani ya Ione."

Burl akaipokea. Akaigeuza, akasoma selotepu kama vile hajui ni ya nani, akajikohoza. "Yale majina ni wazi kwa umma, unajua. Niliyaona. Na la kwako nililiona." Akapunguza sauti, sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Nadene kalifuta. Kwa sheria, wewe hukusaini. Na mimi naichukulia hivyohivyo. Mimi na wewe ni kama zamani. Wewe kwangu hukusaini."

Orrin alisimama pale kibarazani. Verlene kwenye gari alimwona mgongo tu, na kofia ambayo safari hii hakuivua.

"Nilisaini, Burl," alisema.

"Nakwambia halihesabiki, ndugu yangu."

"Nilisaini kwa mkono wangu. Polepole, ili nisikosee. Nadene aliniona, na Fern, na mke wangu." Neno lilitoka zima. "Kila mtu akikuuliza, mwambie Orrin Brackeen alisaini. Ukisema hakusaini, utakuwa umesema uongo juu ya mtoto wangu mara ya pili."

Burl akafungua mdomo. Ione alikuwa ametokea nyuma yake na taulo la jikoni. Aliichukua sahani mikononi mwa mumewe, akamtazama Orrin, akarudi ndani. Mlango haukupigwa kwa hasira. Ulifungwa tu, na jioni ile, na kesho yake, na kwa miaka mitatu, Burl Tackett aliendelea kuwa sherifu wetu.

Orrin aliingia kwenye pikapu. Funguo zilikuwa mahali pake, hakuzigusa. Mikono aliiweka juu ya usukani na kuitazama.

"Siku ile uliponipigia," alisema. "Ningekwambia ngoja hapohapo. Ningekwambia usitoke, nakuja."

Verlene aliangalia mbele. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

"Ndiyo," alisema. "Ungeniambia hivyo."

Alinyoosha mkono, akageuza ufunguo mwenyewe, gari likawaka. Orrin akaanza kuendesha, na njia nzima, maili kumi na sita, hakuna aliyemwondolea mwenzake lile jambo. Nyumbani kulikuwa na ndama wawili wasio na mama wanalia zizini. Verlene alifungua friji, akachukua dang'a, akasimama na mlango wazi mpaka baridi ikamwingia kifuani. Halafu akavitoa vile vichupa vinne vya Dell kwenye rafu ya katikati, akamkabidhi Orrin, viwili kwa viwili, avishike yeye.